Kuruka kwa upondo (mti mrefu unaopinda wa kurukia juu): ukishaondoka ardhini, mguu wa kurukia unaunyoosha au unaukunja?

mrukaji_wa_pili: Wakuu salama? Naomba mnisaidie kulinganisha. Kukimbia na kuchomeka upondo niko sawa, shida inaanza nikishaondoka ardhini. Upondo unapinda vizuri tu ila mi nakuwa bado nimelala chali hewani, unanyooka kabla sijageuka miguu juu, unanitupa mbele badala ya juu na mwamba (ule ufito wa kuvuka kule juu) naubeba na mapaja. Kocha anasema mguu wa kurukia (ule wa mwisho kuondoka ardhini) niuache umenyooka niubembeze hivyohivyo mpaka juu. Mwenzangu mazoezini yeye anakunja magoti yote mawili kifuani halafu anafyatua miguu, na kugeuka anageuka haraka kunizidi. Nishike ipi? Mkono wangu wa juu ni wa kulia, narukia mguu wa kushoto.

fizikia_tupu: Nyoosha. Mguu ulionyooka ni kweli unazunguka pole pole, ila ukiupiga kwa nguvu kutoka kule nyuma unauongezea upondo mpindo, na hiyo nguvu unarudishiwa ukiwa unapanda. Ukikunja mapema uzito wote unasogea karibu na mabega, unazunguka chapchap lakini upondo hujaupa kitu. Hii ndo njia ya kocha Vitaly Petrov aliyomfundisha mrukaji Sergey Bubka, na ile rekodi ya Bubka ya mita 6.14 ya mwaka 1994 haikupitwa kwenye mashindano ya nje (yasiyo ya ukumbini) mpaka Mswidi Duplantis aliporuka 6.15 Roma mwaka 2020. Petrov huyohuyo alimfundisha mwanadada Isinbayeva wa Urusi, aliyeruka mita 5.06 Zurich mwaka 2009.

dada_upondo: Mkuu sikatai hayo, ila hao ni watu wenye spidi kubwa na upondo mgumu. Nafundisha wanaoanza, wanakimbia hatua chache na wanashika upondo sehemu ya chini, muda wao hewani ni mdogo sana. Ukimwambia huyo anyooshe mguu mpaka mwisho anabaki amelala kama bendera, na woga unaanzia hapohapo. Kukunja kunamfanya aonje kuwa kichwa chini miguu juu, na hilo nalo ni la kujifunza.

fizikia_tupu: Nakubali kwa kumzoesha, lakini dada tatizo la kukunja ni kwamba linakuwa tabia, akiongezewa upondo mgumu anakosa cha kuupindia.

kocha_wa_jioni: Mnabishana kunyoosha au kukunja wakati swali ni WAPI. Tazama video za warukaji wazuri kwa slomo utaona mguu wa kurukia unabaki nyuma kidogo umenyooka, kifua kimetangulia, halafu unashuka kama mtu anayepiga shuti refu, na unapokaribia kuupita upondo goti linalegea kidogo na nyonga zinaanza kupanda. Kwa hiyo mrefu chini, mfupi kidogo juu. Anayekunja tangu anaondoka ardhini amekosa yote mawili. Sasa mleta mada, mkono wako wa kushoto unafanya nini?

mrukaji_wa_pili: Nimeangalia video yangu sasa hivi, kiwiko cha kushoto kimekaza kabisa nausukuma upondo mpaka unamaliza kupinda.

kocha_wa_jioni: Basi mguu hauna kosa. Huo mkono umegeuka ukuta, unauzuia mwili kuzunguka, hata ukikunja magoti utabaki umekwama palepale. Unaporuka sukuma juu kwa mikono yote miwili, sawa, ila upondo ukishaanza kupinda acha kifua kipite katikati ya mikono, kiwiko cha kushoto kilegee kitoke nje, wa kulia ubaki umenyooka. Halafu huo wa kulia uushushe kuelekea mapajani kama unapiga kasia, hapo ndo nyonga zinapanda. Usiuvute kwa kukunja kiwiko, wengi wanaharibu hapa maana ukikunja mabega yanapanda na nyonga zinadondoka.

dada_upondo: Hapo kwenye mkono nimekubali moja kwa moja. Mrukaji, fanya kwanza kwenye chuma cha kuning'inia: mikono imenyooka, mguu wa kurukia nyuma, goti la mbele limeinuka, bembea mpaka ugoko uguse chuma bila kukunja viwiko. Ukiweza hiyo ukiwa hujachoka na ukiwa umechoka, ndo uhamie uwanjani kwa hatua chache, weka kamba ya mpira badala ya mwamba ili akili isiwaze kugonga kitu.

mrukaji_wa_pili: Asanteni sana. Na upondo nibadilishe? Kuna mtu kaniambia nichukue laini zaidi ili ukae umepinda muda mrefu.

kocha_wa_jioni: Hapana, na usiwahi kuchukua upondo uliotengenezwa kwa mtu mwenye uzito chini ya wako, ni hatari, unaweza kuvunjika mikononi. Shusha mshiko kidogo kwanza mpaka uone upondo wenyewe unasimama wima na wewe unaangukia katikati ya godoro. Ukiona hivyo kila unaporuka, na kiuno kinafika usawa wa mkono wa juu kabla upondo haujanyooka, ndo upandishe mshiko, kidogo kidogo, kocha wako akiwa amesimama pembeni anaangalia.