Ndege ikitekwa, abiria afanye nini?

Msafiri_Mwanza: Wakuu, mtu akisimama na kudai ameteka ndege, abiria watulie au wapambane? Na kwa kifaa gani, maana hata kisu kidogo kinaachwa uwanjani?

Kabini: Mkuu, angalia anakotaka kwenda. Akiwa na madai na rubani bado anaendesha, tulia, mfuate mhudumu. Akivamia mlango wa rubani au akijaribu kuwasha kitu, kungoja ndiyo hatari. Desemba 29, 2000, abiria aliingia kwa marubani wa British Airways, London–Nairobi, akashika usukani, ndege ikaporomoka. Marubani na abiria walimng'oa. Tangu Novemba 2003 kanuni za kimataifa zinadai mlango ulioimarishwa kwa ndege kubwa, kwa hiyo linda njia ya kuufikia. Zile ndege ndogo aina ya Caravan za visiwani hazina mlango huo kabisa.

Mlinzi_wa_Anga: Naongeza namna ya kumkamata. Njia ya katikati ni nyembamba, hampiti wawili sambamba. Wa mbele akinge kifua kwa begi, mwingine amtokee nyuma. Shikeni mikono kwanza, ndiyo yenye kisu au kiberiti. Kumkaba shingo kunaweza kumuua na bado mikono iko huru. Mwagieni maji kiberiti, karatasi au nguo inayowaka. Wahudumu huwa na pingu za plastiki na mikanda ya kurefushia. Zikikosekana, mikanda ya suruali inafaa, kama walivyofanya abiria wa American Airlines 63 Desemba 22, 2001, walipomfunga mtu aliyejaribu kuwasha bomu lililofichwa kiatuni. Akishafungwa mketisheni, asilale kifudifudi akakosa pumzi. Wengine wabaki vitini wakiangalia kama ana mwenzake.

Msafiri_Mwanza: Asante sana. Na rubani akilazimika kutua baharini?

Kabini: Hapo ndipo watu wengi hufa bure, ndugu yangu. Ethiopian 961, Novemba 23, 1996: watekaji watatu walidai Australia ilhali mafuta yalikuwa ya kufika Nairobi tu, na wakakataa kumwamini rubani. Yaliisha karibu na Ngazija. Kati ya watu 175, 125 walikufa. Wengi walikuwa wamejaza maboya hewa wakiwa ndani. Maji yalipoingia yakawanyanyua hadi darini, wasiweze kuzama kidogo wapite mlangoni. Vaa boya, funga mkanda wake kiunoni, lakini kamba ya kujaza hewa ivute ukiwa unatoka mlangoni. Na kabla ndege haijaruka, hesabu safu za viti hadi mlango wa karibu, mbele na nyuma, uweze kuupata kwa kupapasa.