Uliwahi kuandika jambo ndipo ukajua kumbe unafikiri nini? Tupeane uzoefu

KijaniMbichi: Wakuu, habari za jioni. Jana nahama chumba, chini ya godoro nikakuta kaunta buku ya 2017, gamba limeliwa na mende. Mwaka ule nilikuwa sijui nirudi chuo au nibaki na fremu yangu ya vifaa vya simu. Kila aliyeniuliza nilimjibu "biashara inalipa", mpaka nikaamini. Kuna ukurasa nilianza kuorodhesha faida za kubaki. Ya kwanza: napata hela kila siku. Ya pili: sipangiwi na mtu. Ya tatu nimeandika "nikifeli tena watanicheka", halafu nikaikata mpaka karatasi ikatoboka. Orodha imeishia hapo. Mwezi uliofuata nikamwachia mdogo wangu fremu. Nani mwingine kalamu imemuumbua?

Babu_Pasua: Mimi. Kila nikiandika bajeti.

Nesi_wa_Zamu: Andika kwa mkono, siyo kwenye simu. Simu unafuta na ushahidi unapotea. Karatasi ukikata, mkato unabaki unakutazama.

Mangi_Mtoro: Simu ina neno la siri, karatasi haina. Mke wangu alikuta daftari nilimoandika "sababu za kuvumilia". Zilikuwa mbili. Sisemi zaidi.

Babu_Pasua: Mkuu, hizo mbili zilikuwa zipi?

Mangi_Mtoro: Watoto wawili.

StooKipa_Mstaafu: Mada imenigusa pabaya. Nilikuwa mtunza stoo, kampuni siitaji. Zikapungua katoni 40 za mafuta ya kula. Nikapewa barua nijieleze ndani ya saa 48 kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu. Mdomoni nilikuwa moto kweli: nilimwambia mke wangu, nikawaambia majirani, nikamwambia na mchungaji kwamba nimetegeshewa. Yaani nilieleza vizuri mpaka watu wakalia.

Usiku nikakaa mezani na daftari la hesabu la mwanangu, lile la vijumba. Nikaanza: "Tarehe tajwa nilifunga stoo saa kumi na moja jioni." Sawa. "Nikawahi hospitali kumwona mtoto." Sawa. "Funguo nikamkabidhi..." Kalamu ikagoma. Kwa mdomo siku zote nilikuwa nasema "funguo zilibaki ofisini". Zilibaki! Kana kwamba zina miguu ya kukaa zenyewe. Karatasi ikawa inataka jina la mtu.

Jina nilikuwa nalijua. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, niliyemwombea kazi ya ulinzi palepale. Mke wangu amelala chumba cha pili, mimi nimeshika kalamu natoka jasho. Sikuwa nimemdanganya bosi, nilikuwa nimejidanganya mimi wiki nzima. Nikaandika barua mbili, moja yenye jina, nyingine ya "zilibaki ofisini". Asubuhi nikatoka na zote, kila moja mfuko wake wa koti.

KijaniMbichi: Ulipeleka ipi???

Dada_Kisamvu: Usituache hapa mkuu, nimeacha maharage jikoni.

Mzee_Baraza: Wakati tunamsubiri, haya mambo ya kuandikia nafsi yako ni ya kizungu. Wazee wetu walikaa barazani, wakaongea, likaisha. Ukiona mtu anaandika peke yake usiku ana deni au ana hawara.

Bint_Mkomani: Sheikh, usitusemee. Mwana Kupona, mshairi wa kike wa pwani yetu, alitunga utenzi wake wa kumuusia binti mwaka 1858, maradhi yamemshika mwaka mzima hajapata kumwambia bintiye neno jema. Mwenyewe anasema hivyo mwanzoni kabisa. Akamwita binti asogee na wino na karatasi. Baraza ilikuwepo, na mwaka wote ule neno halikutoka.

Mzee_Baraza: Kumbe wino aliuleta binti! Mama alisema, binti akaandika. Kwa hiyo aliongea. Nimeshinda.

Bint_Mkomani: Beti mia na ushei, zote zinafunga kwa kina kimoja. Jaribu kuongea hivyo ukiwa na homa, kisha uje utuambie.

Nesi_wa_Zamu: Mzee, hata hao wazungu walipima. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha utafiti wa Marekani: wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne, juu ya jambo lililowaumiza. Miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Ila wakishamaliza tu kuandika walijisikia vibaya zaidi. Kwa hiyo ukiandika ukalia, usidhani umekosea.

Babu_Pasua: Dakika 15 mimi bado natafuta kalamu inayotoa wino.

Dada_Kisamvu: Mimi nashauri uandike kisha uchome. Nilimwandikia marehemu baba kurasa sita nikimlaumu, ya saba nikajikuta naomba msamaha mimi. Nilichoma sita, ya saba ninayo.

Mangi_Mtoro: Mimi nashauri usiandike kabisa.

StooKipa_Mstaafu: Nimerudi, umeme ulikatika. Nilipeleka yenye jina. Lakini kabla ya kuifikisha nilimpitia shemeji getini, nikampa aisome. Alisoma mara mbili amesimama, akanirudishia, akasema "andika na tarehe niliyokurudishia funguo." Ndiyo sababu najua ni yeye, hakukataa hata neno moja. Kazi tulikosa wote wawili. Mke wangu hakunisemesha tangu Kwaresima mpaka Pasaka.

KijaniMbichi: Dah. Na ile barua nyingine?

StooKipa_Mstaafu: Ilibaki kwenye koti. Mke wangu aliikuta anafua. Hapo ndipo tulipoanza kuongea upya.

Mzee_Baraza: Unaona? MLIONGEA.

Babu_Pasua: Shemeji yuko wapi siku hizi?

StooKipa_Mstaafu: Ana bodaboda. Jumapili anakuja kula kwangu. Ndiye aliyenifundisha kuingia humu.

Dada_Kisamvu: Humu humu?

Mangi_Mtoro: Nilisema msiandike.