Mjadala: Kava likimkufuru Yesu, albamu iondolewe sokoni?

Mleta mada

Wakuu, naomba tuujadili mkasa huu kwa uzito wake. Mwaka 2006 Slayer, bendi kongwe ya California inayopiga roki ile kali ya kasi iitwayo thrashi, ilitoa albamu ya Christ Illusion. Kava alilichora Larry Carroll, yuleyule aliyechora la albamu yao ya Reign in Blood mwaka 1986. Linamwonyesha Yesu akiwa hana mikono, jicho moja halipo, amesimama katika bahari ya damu yenye vichwa vya watu. Huko Mumbai, India, kikundi cha Wakatoliki kikapeleka malalamiko polisi. Kililalamikia kava na nyimbo pia, ukiwemo Jihad, unaosimulia mashambulizi ya Septemba 11 kwa macho ya mshambuliaji. EMI India, kampuni iliyoisambaza huko, ikaomba radhi, ikarudisha nakala zake kutoka madukani, na Oktoba ikatangazwa kuwa zote zimeharibiwa.

Mimi ni Mkristo, na kava lile linaniumiza. Hata hivyo nasema kuharibu zile nakala kulikuwa kosa.

Silitetei kava lenyewe. Nimelitazama sana na sijaona hoja iliyolazimu mwili wa Bwana ukatwe namna ile. Lakini kulikuwa na njia nyingine, na bendi hiyohiyo ilishaipitia. God Hates Us All ya mwaka 2001 ilikuwa na picha ya Biblia iliyopigiliwa misumari na kutapakaa damu. Ikavalishwa karatasi nyeupe yenye misalaba, ikauzwa. Hata Christ Illusion ilitengenezewa kava la pili kwa maduka yasiyolitaka la kwanza. Mzazi akipita dukani na mtoto hakutani na damu, na anayeutaka muziki anaupata. Ugumu uko wapi hapo?

Watu pia hutaja kampuni ya muziki ya Columbia, waliokataa kuisambaza Reign in Blood kwa sababu ya kava na ya wimbo Angel of Death, unaomhusu Josef Mengele, daktari wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Sina ugomvi na Columbia. Kampuni ina haki ya kusema hiki hakipiti kwetu. Kampuni nyingine, Geffen, wakaichukua, ikatoka.

Na hapa niseme jambo linalonikera kwa muda mrefu. Ule wimbo wa Mengele una uzito kuliko makava yote ya Carroll. Unaeleza mateso ya watu halisi, na mwaka 1986 wengi walionusurika kambi zile walikuwa bado hai. Jeff Hanneman, mpiga gitaa wa Slayer aliyeuandika, alishutumiwa kuwa na mapenzi na Wanazi, akakana. Mimi namwamini, lakini naelewa kabisa mtu wa familia iliyofia Auschwitz akikataa kuusikia. Kuhusu hilo ningekaa na mtu usiku kucha. Kumbe tunagombania kava kwa sababu linatazamwa mara moja tu, ilhali wimbo unadai usikilizwe.

Mchangiaji

Mkuu, unaongea kama mtu ambaye dini yake ni ya wengi mahali anapoishi. India Wakristo ni kama asilimia 2 tu. Huko ukinyamazia dharau leo, kesho inakuja nyingine kubwa zaidi. Wale Wakatoliki hawakuchoma duka wala kumpiga mtu: waliandika barua. Kampuni ikasikiliza, ikaamua yenyewe. Mbona Columbia unawapa haki ya kukataa na EMI unawanyima?

Halafu jiulize: picha ile ingekuwa ya mtume wa dini nyingine, ungependekeza ifunikwe karatasi?

Mleta mada

Ndugu yangu, hoja ya uchache naikubali, na barua ni njia ya kiungwana. Tunapoachana ni kwenye hilo neno "yenyewe". Barua ilipelekwa kwa mkuu wa polisi, katika nchi ambayo wakati huo kifungu cha 295A cha kanuni ya adhabu, cha tangu mwaka 1927, kiliweza kumfunga jela hadi miaka mitatu anayetukana dini kwa makusudi. Columbia hawakuwa na polisi mlangoni. Na walipokataa, mwingine aliweza kuichukua kazi ile. Mumbai nani angethubutu?

Swali lako la mwisho ni zito, nami nalijibu: ndiyo, ningependekeza vilevile.

Tusidhani ni mambo ya Wahindi tu. Kanuni za adhabu za Kenya, Uganda na Tanzania zina vifungu vinavyokataza kuumiza hisia za dini kwa makusudi. Sasa fikiria mihadhara yetu ya kulinganisha dini. Pale nimesikia maneno juu ya Yesu yaliyonichoma kuliko rangi ya Carroll, na wahubiri wetu nao wakisema ya kwao juu ya Uislamu, mchana kweupe, kwa vipaza sauti. Kama kuumia kwangu kunatosha kuharibu albamu, kunatosha pia kuzima ule mhadhara, na kuumia kwa jirani yangu Mwislamu kunatosha kumfunga mdomo mchungaji wangu. Mimi sitaki lolote kati ya hayo.

Jambo jingine: mwimbaji wa Slayer, Tom Araya, ni Mkatoliki. Anayaimba haya na bado anasema anaamini. Imani yake siielewi, lakini sioni afisa wa polisi akiwa na nafasi ya kuipima.

Nataka kuwasikia wenye maduka na watangazaji wa redio: kava kama lile likikufikia mezani, unalifunika, unalirudisha, au unampigia nani simu?