Uzi wa meno unanitoa damu, niendelee au niache?

Ndugu zangu habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Niko Busia, upande wa Uganda. Jioni nauza muchomo wa mbuzi, na kuonja ni sehemu ya kazi. Nyama hunikwama kwenye magego, nami miaka yote nimechokonoa kwa kijiti, hata njiti ya kiberiti (msinicheke).

Wiki iliyopita daktari wa meno aliniambia mswaki haufiki kati ya meno, na huko ndiko ukoga hujificha ukavimbisha fizi. Akanionyesha uzi: uzungushe vidoleni, uukumbatishe jino kama herufi C, upandishe na kushusha taratibu bila kukata fizi. Leo ni siku ya nne na kila usiku natema damu. Alisema itapungua baada ya wiki moja au mbili, lakini mke wangu anasisitiza kwamba najiumiza.

Mliopitia hili, damu iliwaisha lini? Halafu kwenye gego la chini nina mwanya mpana, uzi unapita tu bila kugusa kitu. Zile brashi ndogo za kati ya meno zitanifaa zaidi? Moja naweza kuiosha na kuitumia kwa siku ngapi?