Mimba ya wiki 26, naenda Muscat: kadi ya kliniki inatosha?

Binti_Chumbageni:
Hamjambo wapenzi. Mdogo wangu anaolewa Muscat mwezi ujao. Nitaondoka Dar nikiwa na mimba ya wiki 28, nirudi wiki 33, maana mama kasema nisiondoke mpaka fungate iishe. Wakala wa tiketi ananiambia nibebe tu kadi ya kliniki. Mume wangu haamini, anataka barua ya daktari. Nani mkweli hapo?

Mkunga_Mstaafu:
Mumeo. Kadi ibebe, tena iwe kwenye mkoba wa mkononi. Ukiumwa huko, daktari ataanzia hapo: kundi la damu, presha, vipimo vyote. Lakini mtu wa kaunta uwanjani hana muda wa kusoma kadi. Anataka karatasi moja yenye sahihi na mhuri: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe unayotarajiwa kujifungua, mtoto mmoja au zaidi, mimba haina matatizo, na unafaa kusafiri kwa ndege mpaka tarehe fulani. Hiyo "mpaka tarehe fulani" ndiyo madaktari wengi huiruka. Iandikwe kwa Kiingereza, siku chache kabla ya safari. Mashirika mengi huanza kuidai wiki ya 28 au 29, kwa hiyo unaweza kwenda bila kuulizwa, ukakwamia kurudi.
Nijibu kwanza: ni mmoja?

Binti_Chumbageni:
Wawili, mama. Ultrasaundi imewaonyesha wote.

Mkunga_Mstaafu:
Hongera mwanangu! Basi harusi nenda, fungate waachie wenyewe.
Mimba ya mtoto mmoja isiyo na shida, mashirika mengi hupokea hadi wiki 36. Kwa mapacha, mengi hukomea wiki 32, na kuna yanayokomea kabla ya hapo. Kwa wiki 33 utazuiwa kupanda, uzalie Muscat kwa gharama zako, na bima nyingi za safari nazo zina kikomo cha wiki za mimba. Rudi wiki 30, isizidi hapo. Masharti ya shirika lako yasome mwenyewe kwenye tovuti yao, wakala muache. Daktari akupime kabla hajaandika. Akikuta presha imepanda, safari imeisha, na usizunguke kutafuta wa kukuandikia.

Shemeji_wa_Forodhani:
Naongezea: ndege ya Muscat ni saa tano na ushee, na mjamzito damu yake huganda upesi miguuni. Nunua soksi za kubana, omba kiti cha kando ya njia, uinuke utembee, maji yasikauke mdomoni. Mkanda ufunge chini ya tumbo, mapajani, usiupitishe juu yake.

Binti_Chumbageni:
Ahsanteni sana. Tiketi ya kurudi nimeisogeza, nimelipia tofauti. Daktari ananiona Jumatatu. Aliyebaki ni mama. Nani atanisaidia kumwambia?