Wakuu, vijana wangu wa taka hawataki kuvaa glovu. Nifanyeje?

Kirikuu_Mzee wa Kazi:
Habari za usiku wakuu. Mimi ni msimamizi wa vijana wa kuzoa taka kwenye kata moja hapa Dar. Tuna tipa moja na maguta mawili, mkandarasi wetu ana mkataba na halmashauri, mzigo unaishia dampo la Pugu Kinyamwezi. Kampuni iliwapa vijana glovu, gambuti na reflekta. Gambuti wanavaa siku ya mvua. Reflekta wanavaa bwana afya akitokea. Glovu ndiyo kabisa, wanasema zinateleza, na wengine wameshaziuza. Nimefoka, nimekata posho, wapi! Mwenye uzoefu anisaidie. Pia kisheria, kijana akikataa mwenyewe kuvaa kinga halafu akapata tatizo, lawama ni ya nani? Nauliza tu. Natanguliza shukrani.

Kidagaa_Feri:
Tangaza kwamba mwenye glovu ndiye anayekaa mbele na dereva. Kesho utawakuta wamevaa mpaka miguuni.

Mama Swaumu:
Vijana wa sasa sikio la kufa. Ila na nyie mjitazame. Mwezi huu gari limepita mtaani kwetu mara moja, lakini wa kudai pesa ya taka kaja mara tatu na risiti mkononi. Funza wanatembea getini kama wapangaji. Kwanza zoeni taka, glovu baadaye.

Fundi_Gerezani:
Glovu nzuri ni za ngozi za mafundi wa kuchomelea, njoo Gerezani usiangalie bei ya kwanza.

Dereva Mstaafu:
Nimeendesha gari la taka miaka mingi. Swali la kwanza, umewapa glovu gani? Kama ni zile za pamba zenye vidoti vya mpira, zikishaloa maji ya taka zinakuwa nzito na harufu yake unalala nayo. Hata mimi nisingevaa. La pili, vijana wanaishi kwa chupa. Wanapanda juu ya mzigo, wanafungua viroba, wanachambua chupa za maji na makopo, jioni wanapimiwa kilo. Ile ni kazi ya ncha za vidole. Ukimvalisha glovu nene umemnyima hela ya mboga, na posho ukishaikata ndiyo anazidi kuchambua.
Halafu kwenye gari la taka kinachovunja watu ni gari lenyewe. Nilikuwa na tingo anayependa kuning'inia nyuma. Tuko dampo, tope, narudi nyuma nimwage, akateleza. Nilisikia ukelele, sikumwona. Mguu ulipona lakini anachechemea hadi leo. Tangu hapo sikurudi nyuma bila mtu kusimama chini, pembeni, ninapomwona kwenye kioo.

Mganda_Mweusi:
Mnabishania glovu wakati Kampala dampo la Kiteezi liliporomoka Agosti 2024 likafukia nyumba na watu, waliokufa walipita 30. Nyie Pugu mmejipangaje?

Kidagaa_Feri:
Mkuu, jamaa kauliza glovu, umemletea mlima.

Nesi wa Zamu:
Mtoa mada, hiyo "nauliza tu" yako siipendi. Nani kaumia?

Kirikuu_Mzee wa Kazi:
Hakuna aliyechomwa dada yangu, najipanga tu kwa mbele.

Nesi wa Zamu:
Nimeuliza nani kaumia. Habari ya kuchomwa umeileta wewe.

Kidagaa_Feri:
Nimevuta kiti.

Kirikuu_Mzee wa Kazi:
Sawa, niseme. Dogo mmoja alichomwa sindano Jumanne asubuhi, kama saa mbili. Alikuwa kabeba mfuko ubavuni anaupeleka kwenye guta, sindano ikatoboa ikamwingia pajani. Kidogo sana, tone la damu. Nikamwambia apake spiriti, nikampa elfu ishirini akachome ya pepopunda. Bosi kasema tulimalize kifamilia kwa sababu mkataba unahuishwa mwezi ujao. Dogo mwenyewe hana neno, ameshaandika karatasi kwamba hakuvaa glovu kwa hiari yake na hadai chochote. Kwa hiyo hilo limekwisha, nataka hawa wengine wavae.

Nesi wa Zamu:
Limekwisha wapi? Paja linavaa glovu?
Leo Alhamisi saa tatu usiku. Dawa za kinga ya VVU, PEP, zinatakiwa zianze mapema kabisa, na baada ya saa 72 hazianzishwi. Mwisho wako ni kesho saa mbili asubuhi. Usisubiri asubuhi. Mpeleke hospitali ya wilaya sasa hivi, mapokezi waambie kachomwa sindano ya taka. Watampima kwanza, kisha watampa dawa za siku 28.
Usimtishe. Hata sindano ikiwa imetoka kwa mwenye VVU, wanaoambukizwa ni kama 3 kati ya 1000. Mimi homa ya ini B ndiyo inanisumbua zaidi, kirusi chake kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 kikiwa bado kizima. Ina chanjo, dozi tatu, na vijana wako walitakiwa wawe nayo kabla ya kugusa kiroba cha kwanza. Kuhusu spiriti, jeraha la sindano ni la kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Huko kazini mna maji?

Kirikuu_Mzee wa Kazi:
Maji tunaomba kwa wateja. Dada nakuelewa, ila hospitali wataandika kaumia kazini, habari itafika OSHA, wale wa serikali wa usalama kazini, mkataba utakufa na vijana wote watakaa vijiweni. Mimi natetea ajira za watu.

Wakili wa Kijiweni:
Hiyo karatasi ni kitanzi chako, sio cha dogo. Umeweka kwenye maandishi kwamba ulijua kaumia kazini ukanyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtupia mwajiri mzigo wa vifaa kinga na mafunzo. Ukisema "alikataa mwenyewe" utaulizwa nani alimfundisha, lini, na nani alikuwa anamsimamia. Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo tangu 2015, anayechangia ni mwajiri peke yake, asilimia 0.5 ya mishahara, kijana hakatwi senti. Bosi wako anachangia?

Kirikuu_Mzee wa Kazi:
Vijana ni vibarua, wanalipwa kwa siku.

Wakili wa Kijiweni:
Nimepata jibu.

Dereva Mstaafu:
Aliyewafundisha kubeba mfuko ubavuni ni nani? Mfuko unashikwa shingoni, mkono umenyooka, haugusi mguu. Mzito unabebwa na wawili au unatiwa kwenye toroli. Na msiukanyage ili uingie mwingine, hapo ndipo chupa zinapasuka na vyenye ncha vinatokeza. Dumu la maji lenye bomba na kipande cha sabuni likae kwenye gari, halina gharama hiyo.

Mla Chai:
Nimechelewa, lakini naona wakuu mnanyweshwa chai na mnaomba kuongezewa. Huyu Januari alikuwa anaomba ushauri wa kufuga kware. Baadaye akawa dereva wa bajaji anatafuta mchumba. Leo bosi wa taka. Na hiyo sindano ilitoka kwenye taka za nani? Zahanati sindano zinaingia kwenye boksi la njano, linafungwa, linachomwa kwenye kichomeo. Haziji kutembea kwenye guta. Hadithi haisimami.

Kidagaa_Feri:
Kware! Mimi bado ninao. Mkuu wako walikufa na nini?

Mama Swaumu:
Nilijua tu. Watu wanatunga ili wachangiwe. Mwisho wa wiki utasikia namba ya simu.

Kirikuu_Mzee wa Kazi:
Sijaomba hata mia ya mtu. Kware walikufa kwa baridi, bajaji niliuza, kwani ni dhambi kubadilisha kazi? Kuhusu sindano, kuna zahanati ya binafsi, kichomeo chao kiliharibika na majirani walishalalamikia moshi. Mwenyewe akaniomba tuwe tunabeba mfuko wao mweusi kila Jumanne. Ananipa elfu kumi. Maboksi ya njano wanayapeleka kwingine, hizi huwa zinadondokea tu humo.

Wakili wa Kijiweni:
Anakupa wewe au anaipa kampuni?

Mla Chai:
Chai imeanza kuwa na tangawizi.

Wakili wa Kijiweni:
Nasubiri.

Nesi wa Zamu:
Ya elfu kumi mtamalizana baadaye. "Zinadondokea tu" maana yake mhudumu anatupa sindano kwenye mfuko wa taka za kawaida, na kesho atatupa tena. Dogo yuko wapi sasa hivi?

Kirikuu_Mzee wa Kazi:
Kwao Gongo la Mboto. Simu haipatikani.

Dereva Mstaafu:
Panda boda, mfuate.

Kidagaa_Feri:
Na kware walikuwa wangapi?

Mganda_Mweusi:
Nje ya mada, hiyo kampuni wanachukua watu? Nipo Kitunda, sichagui kazi.

Kirikuu_Mzee wa Kazi:
Tupo hospitali, ameshatolewa damu. Mama yake kaja naye, hakuwa anajua kitu, kanisema mbele za watu. Daktari anauliza sindano imetoka zahanati gani. Nikiitaja si nitakuwa nimejichoma mwenyewe?

Nesi wa Zamu:
Itaje. Anataka kujua pale wanatibiwa watu gani, ndipo ajue ampime nini na amrudishe lini.

Mla Chai:
Weka picha ya kadi tuamini.

Nesi wa Zamu:
Kadi ya mgonjwa haiwekwi humu. Mtoa mada, dogo ale kabla ya kumeza, zinaweza kumtia kichefuchefu siku za mwanzo, asiziache njiani. Asirudishwe kazini kesho ili muonekane mko kamili. Na ule mfuko mweusi msiubebe tena.

Kirikuu_Mzee wa Kazi:
Ahsante dada. Nimeitaja. Kuhusu mfuko, wao ni mpaka Jumanne, kwa hiyo bado kuna muda wa kuongea nao.