Missouri Valley tunauua msimu Novemba, halafu Machi tunailaumu kamati

Ndugu wanajukwaa, hasa ninyi mnaoishi Iowa, Illinois na Indiana na mnaofuatilia mpira wa kikapu wa vyuo, nina jambo na ligi yetu ya Missouri Valley na leo sitamung'unya maneno. Kila msimu unapoanza tunaona yaleyale: timu zetu zinafungwa nyumbani na vyuo ambavyo zilipaswa kuvifunga bila jasho, zinajaza ratiba kwa vyuo vidogo visivyo vya Divisheni ya Kwanza, yaani ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, kisha mashabiki wanaambiana kwamba huu ni wakati wa kuwajaribu wachezaji na kwamba mambo yatanyooka ligi ikianza. Hayanyooki, wala hayawezi kunyooka.

Tangu Missouri State ilipoondoka mwaka 2025 tumebaki timu 11, na kila timu inacheza michezo 20 ya ligi. Jumla ni michezo 110, maana yake ushindi 110 na vipigo 110, hata tucheze vizuri kiasi gani. Ligi ikishaanza hatuingizi kitu kipya kutoka nje, tunagawana kile tu kilichopatikana Novemba na Desemba. NET, yaani mfumo wa viwango ambao NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilianza kuutumia msimu wa 2018/19 badala ya mfumo wa zamani wa RPI, unaipima timu kwa ubora wa wapinzani wake na mahali ilipokutana nao. Ukimfunga nyumbani mpinzani aliye nafasi ya 161 au chini zaidi, huo ni ushindi wa daraja la nne, la chini kabisa, ambao kamati ya uteuzi, ile inayochagua timu za mashindano ya NCAA ya Machi, inaupita kama haikuuona. Akikufunga yeye, doa hilo unatembea nalo hadi Machi. Na ukimfunga mpinzani asiye wa Divisheni ya Kwanza, hata kwa pointi 60, NET haihesabu kabisa. Kwa hiyo mchezo wa namna hiyo ni mazoezi yaliyokatiwa tiketi.

Tazameni yaliyowapata Indiana State mwaka 2024. Walikuwa na nyota wao Robbie Avila, walimaliza ligi kwa ushindi 17 na vipigo 3, waliingia siku ya uteuzi wakiwa wameshinda michezo 28 na kupoteza 6, na NET iliwaweka ndani ya 30 bora nchini. Wakafungwa na Drake 84-80 katika fainali ya ligi kule St. Louis, na kamati ikawaacha nje. Tulipiga kelele sana wakati ule, nami nilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti, na bado naamini walionewa. Lakini tuulizane: baada ya kufungwa Alabama na Michigan State, ushindi mkubwa wangeutoa wapi, ikiwa ndani ya ligi nzima Drake pekee ndiyo ilikuwa na uzito wa maana? Februari, wiki ileile walipoingia katika 25 bora za shirika la habari la AP kwa mara ya kwanza tangu enzi ya Larry Bird mwaka 1979, walifungwa nyumbani na Illinois State. Kama Illinois State na wenzake wangekuwa wamefanya kazi yao mwanzoni mwa msimu, kipigo kile kisingeuma hata nusu ya vile kilivyouma.

Mwaka uliofuata Drake haikupoteza mchezo hata mmoja wa nje ya ligi. Iliwafunga Miami, Florida Atlantic na Vanderbilt ikatwaa kombe la Charleston, ikawafunga Kansas State katika muda wa nyongeza pale Kansas City, ikafika siku ya uteuzi na vipigo 3 tu. Ikapangwa nafasi ya 11 kati ya 16 za kundi lake! Kisha ikaithibitishia dunia kwa kuwatoa Missouri 67-57 katika mashindano ya NCAA. Hiyo ndiyo bei ambayo timu nzuri inailipa kwa uzembe wa majirani zake.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni uhamisho na pesa, kwamba makocha na wachezaji wetu wananunuliwa kila Aprili. Ni kweli wanaondoka: Josh Schertz, kocha wa Indiana State, alikwenda Chuo Kikuu cha Saint Louis na Avila akamfuata, Ben McCollum, kocha wa Drake, alikwenda Chuo Kikuu cha Iowa na mchezaji wake Bennett Stirtz akamfuata. Ila hoja hiyo inavunjwa na Drake hiyohiyo, kwa sababu McCollum alifika mwaka 2024 akakuta kikosi karibu kimetoweka, akakijenga upya kwa wachezaji aliotoka nao Northwest Missouri State, chuo cha Divisheni ya Pili. Kikosi kipya hakikumzuia kushinda Novemba.

Nilichokiona mwenyewe msimu huu, nikiwa nimekaa nyuma ya benchi la timu moja ya ligi yetu ambayo sitaitaja, hakihusiani na pesa. Wageni walikuwa wamesafiri kwa basi, hawana mchezaji mrefu wa kutisha, nasi tuliongoza hadi dakika za mwisho. Mara tatu mfululizo mchezesha timu wetu alidunda mpira peke yake hadi saa ya sekunde 30 ikabakiza nne, kisha akatupa ilimradi. Upande wa pili, kijana wetu mrefu aligeuka kutazama mpira hewani badala ya kumzuia mtu wake kwa mgongo, na mgeni akadaka ribaundi akaweka kikapuni. Tukapewa mtupo huru ule ambao ukikosa wa kwanza hupewi wa pili, tukakosa wa kwanza. Kocha alikuwa bado ana mapumziko mawili ya kuomba, na mikono yake ilikuwa mfukoni. Tukafungwa, na tangazo la mwisho ukumbini likatushukuru kwa kuja.

Hata tukishinda, tunashinda vibaya. NET inaangalia pia tofauti ya pointi kwa kila umiliki wa mpira, kwa hiyo timu inayoongoza kwa 25 kisha ikalegea hadi 8 imejichafua yenyewe.

Haikuwa hivi siku zote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ofisi ya ligi, chini ya kamishna Doug Elgin, iliwabana wanachama waliopanga wapinzani dhaifu, na mwaka 2006 tukapeleka timu nne katika mashindano ya NCAA, Bradley ikiwafunga Kansas na Pittsburgh, na Wichita State nayo ikifika raundi ya timu 16. Baadaye, kuanzia mwaka 2009, tulikuwa na mfululizo wa michezo ya kila msimu dhidi ya Mountain West, ukaachwa ukafa. Tangu Drake ilipoteuliwa na kamati mwaka 2021 bila kutwaa kombe la St. Louis, yaani ubingwa wa mashindano ya ligi yetu, hadi 2025 hakuna timu yetu nyingine iliyoingia bila kombe hilo.

Ninachodai ni hiki. Ofisi ya ligi irudishe kanuni ya ratiba, iweke kikomo cha mchezo mmoja tu dhidi ya chuo kisicho cha Divisheni ya Kwanza, na itafute ligi yenye hadhi kama yetu ya kubadilishana nayo michezo ya nyumbani na ugenini, kwa kuwa vyuo vikubwa havitakuja kwenye miji yetu midogo kama Cedar Falls wala Terre Haute hata tuvibembeleze vipi. Tiketi moja ya ziada ya kuingia mashindano ya NCAA inaiingizia ligi takriban dola milioni 2 ndani ya miaka 6, na fedha hizo wanagawana wote, hata aliyezitia hatarini. Chuo kitakachokataa kanuni hiyo kikatwe mgawo wake.